Pistoni au tabaini kwenye ndege ndogo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanaulizwa kila siku na wanafunzi wa urubani, wenye loji zenye kiwanja chao huko porini, na watu waliopata hela wakaanza kutamani ndege yao wenyewe. Wengi wanaanza na spidi. Mi naona kwa huku kwetu spidi ni jambo la mwisho, kwanza uliza unaruka kutoka kimo gani, mafuta gani yanapatikana huko unakoenda, na kwa mwaka utaruka saa ngapi. Ukishajibu hayo matatu injini inajichagua yenyewe.

Tofauti yenyewe ni nini? Si zote zina propela?

Ndiyo, na hapo ndo watu wanapochanganyikiwa, wakiona propela wanadhani ni pistoni na wakisikia tabaini wanawaza jeti. Cessna Caravan ina propela lakini injini yake ni tabaini. Cessna 206 ina propela pia ila injini yake ni ya pistoni, yaani ina silinda sita, plagi, krenkshafti, inafanya kazi kama injini ya gari la petroli, inalipua mchanganyiko wa hewa na mafuta kidogo kidogo ndani ya silinda na mlipuko unasukuma pistoni.

Tabaini haina pistoni wala haina mlipuko wa vipande vipande. Kompresa inakandamiza hewa, mafuta yanamwagwa humo yanawaka mfululizo kama jiko lisilozimwa, na ile gesi ya moto inasukuma magurudumu yenye bapa. Kwenye ndege ndogo injini inayotawala ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada, iko kazini tangu miaka ya 1960 na imo kwenye Caravan, PC-12, King Air, Kodiak na TBM. Ubunifu wake ni kwamba gurudumu linalozungusha kompresa na gurudumu linalozungusha propela hayajaunganishwa kwa chuma chochote. Chukua feni mbili uziweke zinatazamana, washa moja tu, utaona ile nyingine nayo inazunguka kwa upepo, ndo hivyo hivyo. Ukienda kwenye Caravan iliyopaki ukashika propela inazunguka kwa mkono laini kabisa, hamna kitu kinachokuzuia. Propela ya 206 usiiguse hivyo hivyo tu, manake magneto (kifaa kinachotoa umeme wa cheche za plagi) ikiwa na hitilafu injini inaweza kuwaka na kukukata.

Kitu kingine, kwenye PT6 hewa inaingilia nyuma na kwenda mbele, ndo maana bomba za moshi za King Air au PC-12 unaziona ziko karibu kabisa na propela. Ndani kompresa inazunguka kama mizunguko 37,500 kwa dakika inapofika asilimia 100, halafu gia boksi inapunguza mpaka propela ya Caravan inazunguka 1,900 tu.

Kwanini ndege ya pistoni inachoka Nairobi na Arusha wakati Caravan inapaa tu kama hamna kitu?

Hili ndo swali lenyewe, na ukilielewa umeelewa nusu ya ukurasa huu.

Injini ya pistoni isiyo na turbochaja (feni ya kusukumia injini hewa zaidi) inavuta hewa iliyopo nje, basi. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, injini inavuta kidogo, nguvu inashuka kama asilimia 3 kwa kila futi 1,000. Kiwanja cha Wilson cha Nairobi kiko futi 5,536 kutoka usawa wa bahari, Arusha kiko kama futi 4,550. Kwa hiyo 206 yenye hospawa 300 haina hizo 300 pale Wilson hata siku ya baridi, imeshapoteza kama asilimia 16 kabla haijatikisika. Utaliona kwenye geji ya presha ya manifoldi, yaani presha ya hewa inayoingia kwenye silinda, Mombasa au Zanzibar ukisukuma throtu mpaka mwisho inasoma kama inchi 28 au 29, Wilson unasukuma mpaka mwisho inagoma kwenye 24 hivi. Hamna kitu kimeharibika, ndo hewa iliyopo.

Sasa ongeza joto. Kwenye kimo cha Wilson joto la kawaida kwenye majedwali ni kama nyuzi 4, lakini mchana inaweza kuwa 25. Ile tofauti ya nyuzi 21 unazidisha na futi 120 kwa kila nyuzi, unapata kama futi 2,500 za ziada, kwa hiyo ndege inajiona iko futi 8,000 wakati bado imekanyaga lami. Kwenye futi 8,000 zile hospawa 300 zimebaki kama 230. Na si injini peke yake, propela nayo inapiga hewa nyepesi na bawa nalo linahitaji spidi kubwa zaidi ndo linyanyue, kwa hiyo hasara zinapandiana. Rubani aliyezoea pwani akija huku na watu watano na mabegi yao atashangaa ranwei inaisha na ndege bado inasuasua.

Tabaini nayo inapoteza nguvu juu, fizikia ni ile ile. Tofauti ni kwamba kiwandani wanaifungia. PT6 ya Caravan ya hospawa 675 ina uwezo wa kutoa zaidi ya hapo ikiwa pwani, lakini gia boksi na ndege yenyewe haviruhusiwi kupokea zaidi, kwa hiyo rubani analinda geji ya toki (nguvu ya kuzungusha propela) asipitilize. Akipanda juu ile akiba inaanza kutumika, hewa inapungua lakini toki bado anaipata ile ile, mpaka anapofika kimo ambacho joto la injini ndo linakuwa kikomo. Kwa hiyo viwanja vya kwetu vya futi 4,000, 5,000 vinaikuta tabaini bado ina akiba wakati pistoni imeshatumia yote.

Turbochaja si inamaliza hilo tatizo?

Inalipunguza sana. T206H yenye hospawa 310 inashikilia nguvu yake ya kupaa pale Wilson vizuri tu, kwa sababu turbochaja inarudisha presha ya hewa iliyopotea. Ila unalipa kwa joto. Silinda zinachemka zaidi, mabomba ya moshi yanapasuka, mafuta yanaenda zaidi, na ukitua unatakiwa kuiacha injini ingurume polepole dakika kadhaa turbo ipoe kabla hujazima, wengi wana haraka hawafanyi hivyo na baadaye wanalalamika turbo mbovu. Kwa mtu anayekaa nyanda za juu na anataka kubaki na pistoni, mi ningemwambia achukue yenye turbo bila kufikiria mara mbili.

Ipi inakula mafuta zaidi?

Tabaini, na wala si kwa tofauti ndogo. Kwa kila hospawa moja kwa saa moja, pistoni inatumia kama ratili 0.4 hadi 0.45 za mafuta, PT6 ndogo inatumia kama 0.6 na kitu. Kwa lita ni hivi, Cessna 172 kama lita 32 kwa saa, 206 kama 57, Caravan karibu 200.

Lakini usiishie hapo manake Caravan inabeba zaidi. Chukua Arusha hadi Dar, kwa mstari wa angani ni kama kilomita 480. Caravan kwa spidi ya kilomita 305 kwa saa inatumia saa moja na nusu na kidogo, lita kama 315, ukigawa kwa abiria 12 ni kama lita 26 kwa kichwa. 206 kwa kilomita 250 kwa saa inakaribia saa mbili, lita 110, ukigawa kwa abiria watano ni lita 22. Umeona? Ikijaa, tofauti kwa kichwa si kubwa kihivyo, na mafuta ya tabaini mara nyingi ni bei rahisi kwa lita, ndo maana kampuni kama Coastal, Auric na Safarilink zinaruka na Caravan. Ila ukiruka wewe na mkeo tu kwenye Caravan hizo lita 315 zote ni zenu wawili.

Halafu tabaini ikiruka chini inakula vibaya sana, imetengenezwa ifanye kazi juu kwenye hewa nyepesi na baridi. Ukiwa na TBM au PC-12 panda mpaka futi 25,000 huko uone matumizi yanavyoshuka. Ukiitumia kuzungukazunguka futi 8,000 kuangalia tembo unachoma hela.

Kuna ndege ile ile iliyotengenezwa na injini zote mbili ili tulinganishe sawasawa?

Ipo, na ni mfano mzuri kuliko yote, Piper PA-46. Umbo lile lile, kabini ile ile ya watu sita yenye presha. Toleo la M350 lina pistoni ya Lycoming hospawa 350 yenye turbo, toleo la M500 lina PT6 ya hospawa 500.

M350 ikisukumwa kabisa juu kule inafika kama kilomita 394 kwa saa, M500 kama 480. Mafuta ya M350 ni kama lita 76 kwa saa, ya M500 yanakaribia 145. Yaani spidi imeongezeka kama asilimia 22 na mafuta yamekaribia mara mbili, na safari ndefu zaidi anayeifika bila kutua katikati ni yule wa pistoni ingawa tangi lake ni dogo. Kwa kilomita 480 zile zile za Arusha na Dar, mwenye tabaini anawahi kwa kama robo saa. Robo saa!

Sasa mbona watu wanaongeza hela nyingi hivyo wapate M500? Kwa sababu inapanda haraka, inafika futi 30,000 ambako inapita juu ya mawingu mengi, haitetemeki, na injini yake inaaminika zaidi. Hayo ndo wanayolipia.

Mbona kila mtu anasema avgas ni shida kupata?

Kwa sababu ni kweli. Avgas 100LL ni petroli maalum ya ndege ya pistoni, rangi yake bluu, na ina risasi ndani yake, yaani madini ya lead, ile inayozuia mafuta yasilipuke kabla ya wakati ndani ya silinda. Dunia nzima magari yaliachana na petroli yenye risasi, ndege ndogo zimebaki. Hiyo kemikali ya risasi inayotumika kwenye avgas inatoka kiwanda kimoja huko Uingereza. Marekani wamejiwekea lengo la kuachana na avgas yenye risasi ifikapo mwisho wa 2030, na Ulaya nao tangu Mei 2025 wanataka kibali maalum kuitumia hiyo kemikali. Kuna avgas isiyo na risasi, G100UL, ilipata kibali cha Marekani mwaka 2022, ila kusambaa kwake kunaenda polepole.

Huku kwetu soko ni dogo, inaletwa kwa kiasi kidogo, kwa hiyo viwanja vikubwa unaweza kuipata na ukitoka nje ya hapo unabeba mapipa au unapanga safari kwa kufuata mafuta badala ya kufuata kazi. Jet A-1 iko kila mahali inapotua ndege ya abiria ya maana, kwa sababu ndo hiyo hiyo inayonywewa na Boeing, ni ndugu wa mafuta ya taa. Mashirika ya kimisheni yanayoruka vijijini yaliliona hili mapema. MAF, shirika moja la hayo, walitumia Cessna 206 miaka mingi sehemu nyingi za dunia, na ugumu wa avgas ni moja ya sababu zilizowasukuma kwenye Caravan na Kodiak. Kodiak yenyewe ilibuniwa kwa kazi hizo hizo, PT6 ya hospawa 750, na usawa wa bahari inanyanyuka ikiwa imejaa chini ya mita 300.

Kwa hiyo mtu wa Kongo ya ndani au Sudan Kusini akiniuliza pistoni au tabaini simwelezi mambo ya spidi wala sevisi. Namuuliza mafuta unapata wapi, na mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Nikiweka mafuta yasiyo yake itakuwaje?

Soma hili hata kama mengine unaruka.

Jet A-1 kwenye injini ya pistoni inaua. Tena inaua kwa ujanja, kwa sababu kwenye mabomba na kabureta bado kuna avgas, injini inawaka vizuri, unatembea mpaka ranwei vizuri, unapaa, halafu ile Jet A-1 inafika kwenye silinda, inalipuka hovyo, joto linapanda, pistoni zinatoboka, injini inazima ukiwa futi 300 juu ya nyumba za watu. Bomba la kujazia Jet A-1 limetengenezwa na mdomo mpana usioingia kwenye tangi la avgas, ila ukijaza kwa pipa na pampu ya mkono huo ulinzi haupo. Kwa hiyo simama pale wakati wanajaza, wewe rubani, usimwachie kijana ukaenda kunywa chai. Soma maandishi kwenye pipa. Chota kidogo chini ya tangi kwenye kikombe cha plastiki uangalie rangi, avgas ni bluu, Jet A-1 haina rangi au ni ya njano kwa mbali. Zikichanganyika bluu inafifia tu na jicho linaweza kukudanganya, hapo dondosha tone kwenye karatasi nyeupe usubiri, avgas inakauka na kupotea, Jet A-1 inaacha duara la mafuta. Harufu nayo inasema, mafuta ya taa kila mtu aliyekulia na kibatari anayajua.

Upande wa pili hatari ni ndogo. PT6 inaruhusiwa kunywa avgas wakati wa dharura, ila isizidi saa 150 kati ya ovahoo na ovahoo (injini kufunguliwa yote na kutengenezwa upya), kwa sababu ile risasi inaganda kwenye bapa.

Kuwasha ipi ni rahisi?

Siku zote tabaini ni rahisi, isipokuwa siku ambayo siyo, na hiyo siku inaweza kukugharimu injini nzima.

Kuwasha Caravan ni hivi. Unaangalia betri kwanza, ikiwa chini ya volti 24 unaacha, unatafuta umeme wa nje. Unawasha stata, unaangalia kompresa inavyopanda, haijafika asilimia 12 hugusi mafuta. Ikifika unasogeza leva ya mafuta, unasikia imeshika, na kuanzia hapo macho yako hayatoki kwenye geji ya joto. Linapanda kwa kasi, 600, 700, 800, halafu linatakiwa ligeuke lishuke. Kikomo chake cha kuwashia ni nyuzi 1,090, tena kwa sekunde 2 tu. Betri ikiwa dhaifu kompresa inazunguka polepole, hewa ya kupoza ni ndogo, mafuta yanawaka pale pale na joto linapaa. Ukiona linakimbilia huko unakata mafuta hapo hapo na stata unaiacha iendelee kuzunguka ipulize. Ukizubaa kidogo bapa zimeungua na bili ni laki kadhaa za dola. Ni sekunde chache sana hizo na hazitaki mtu anayepiga stori na abiria.

Pistoni haina hatari ya namna hiyo, ina usumbufu. Injini ya injeksheni ukitua Lodwar saa saba mchana, ukazima, ukakaa nusu saa kushusha mizigo, ukirudi mafuta yamegeuka mvuke ndani ya mabomba na haitaki kuwaka. Unapiga stata mpaka betri inalia. Kila rubani wa 206 ana mtindo wake wa throtu na mikscha (leva ya kupanga kiasi cha mafuta) kwa hali hiyo na kila mmoja anaapa wa kwake ndo wenyewe, we fuata kitabu cha ndege.

Ipi inaaminika zaidi, isije ikanizimia angani?

Tabaini, na kwa mbali. Sehemu zinazosogea ni chache, zinazunguka upande mmoja, hamna kitu kinachopigwa kwenda na kurudi mara maelfu kwa dakika. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inaruhusu ndege ya injini moja ya tabaini kubeba abiria wa kulipa usiku na ndani ya mawingu kwa masharti, mojawapo ni injini iwe imethibitika kupoteza nguvu chini ya mara moja kwa saa 100,000, na Ulaya nao walifungua mlango huo mwaka 2017. Pistoni moja haijapewa ruhusa hiyo. AMREF Flying Doctors pale Wilson wana PC-12 na Caravan za injini moja moja, wanaenda kuchukua wagonjwa sehemu ambazo hamna lami.

Na tabaini ikizima, presha ya oili ikishuka, propela ya PT6 inajipanga yenyewe kukata upepo, kwa hiyo ndege inaelea mbali. Kwenye pistoni nyingi za injini moja propela inafanya kinyume, inajilaza na kuwa breki, na unashuka haraka.

Ila tusidanganyane. Injini nzuri haioni mlima. Juni 2018 Caravan iligonga milima ya Aberdare ndani ya mawingu, watu 10 wakafariki, na injini haikuwa chanzo. Aliyehama kutoka pistoni kwenda tabaini anapata ujasiri wa kuingia hali ya hewa ambayo zamani angeikwepa, na huo ujasiri ndo wa kuuogopa.

Sevisi na ovahoo zinakaaje?

Lycoming nyingi wanakupa saa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia. PT6 ya Caravan ni saa 3,600, na katikati kwenye 1,800 wanafungua sehemu ya moto kuikagua. Bei ndo inatisha, ovahoo ya pistoni ni makumi ya maelfu ya dola, ya PT6 ni malaki.

Lakini pistoni ina vidonda vidogo vidogo njiani. Silinda moja inapasuka kwenye saa 900, magneto inataka kufunguliwa, plagi zinajaa risasi, bomba la moshi limetoboka. PT6 inaenda tu, inaenda, halafu siku yake ikifika inadai yote kwa mkupuo. Kwa mtu binafsi asiyeweka akiba kwa kila saa anayoruka, hapo ndo ndege nyingi zinaishia kukaa hanga miaka zikisubiri hela.

Jambo ambalo watu hawalijui, kuiacha ndege imekaa ni kubaya kuliko kuiruka. Kemshafti ya Lycoming iko juu, oili ikishachuruzika chuma kinabaki wazi, na kwa unyevu wa Dar au Mombasa kutu inaingia. Ukiirusha baada ya miezi mitatu ile kutu inaanza kusaga.

Vumbi na chumvi je?

Vumbi la viwanja vya porini ni adui wa zote mbili. Caravan ina mlango maalum kwenye njia ya hewa, ukiuvuta hewa inalazimika kukata kona kali na mchanga kwa uzito wake unashindwa kukata kona unatupwa nje, unapoteza nguvu kidogo lakini unaokoa bapa. Pistoni ina chujio tu, libadilishe mapema.

Chumvi ya pwani inaitesa zaidi tabaini. Ndege inayolala Zanzibar, Mafia au Lamu inatakiwa kompresa yake ioshwe kwa maji safi mara kwa mara, wengine kila siku. Chumvi ikikutana na salfa iliyomo kwenye mafuta kwenye joto lile inazila bapa taratibu. Kwenye matangi ya Jet A-1 pia kuna vijidudu vinaota pale maji na mafuta yanapokutana, vinaziba vichujio, kwa hiyo kimbia maji, toa uchafu chini ya tangi kila asubuhi.

Kutua kwenye kiwanja kifupi ipi bora?

Tabaini, kwa sababu propela inaweza kurudisha upepo mbele na kuvuta ndege nyuma. Ila kwenye changarawe usiitumie ukishapunguza spidi, manake unajirushia mawe na vumbi mwenyewe, propela inaliwa na abiria hawaoni nje.

Naweza kubadilisha 206 yangu iwe tabaini?

Inawezekana, Soloy wa Marekani wana mfumo wa kuweka Rolls-Royce 250, ile iliyoko kwenye helikopta ya Bell 206, unapata kama hospawa 420 hadi 450. Inapaa vizuri ajabu na inanywa Jet A-1. Lakini bawa ni lile lile, spidi ya mwisho inayoruhusiwa ni ile ile, na mafuta ya tangini yanaisha haraka zaidi. Ina maana kwa mtu mwenye kazi ya viwanja vifupi vya juu na hana avgas. Kwa mwingine yeyote naona bora hela hiyo iongezewe kwenye kununua Caravan iliyotumika.

Nimesikia kuna pistoni za dizeli, hizo vipi?

Ukiniuliza mimi, hizi ndo jibu la wengi wanaosoma hapa. Diamond DA40 NG ina injini ya Austro AE300, hospawa 168, imetokana na dizeli ya Mercedes, inatumia Jet A-1 kama lita 20 na kitu kwa saa na ina turbo kwa hiyo Wilson haiitishi. Leva ni moja, kompyuta inapanga mafuta na propela. Inakupa mafuta ya tabaini kwa matumizi ya chini hata ya pistoni ya avgas. Ubaya wake ni nzito kwa nguvu inayotoa, na fundi lazima awe amesomea, siyo kila fundi wa Lycoming anaweza kuigusa. Na kwa kubeba tani ya mizigo bado haijafika.

Leseni yangu ya pistoni inatosha kurusha tabaini?

Hapana, kuna mafunzo na mtihani wa aina hiyo ya injini au ndege, na mamlaka ya anga (TCAA ya Tanzania, KCAA ya Kenya au ya nchi yako) inaandika kwenye leseni yako. Bima nao wana masharti yao, wanataka saa kadhaa ukiwa na mwalimu pembeni. Kurusha kwenyewe ni kwepesi, hamna mikscha wala joto la kabureta. Kinachosumbua ni kwamba ukisukuma leva tabaini inachelewa kidogo kuitika, na ukisukuma kupita kiasi hamna kinachokuzuia, geji ndo mlinzi wako.

Basi nina hela, ninunue ipi?

Ukiruka chini ya saa 100 kwa mwaka, wewe na familia, viwanja vyenye avgas, nunua pistoni, na kama unakaa juu chukua yenye turbo. PT6 ya saa 3,600 kwa mwendo huo ingekuchukua miaka 36 kuimaliza, ni mtaji uliolala. Ukiwa unajifunza au unasafiri watu watatu tu, tafuta dizeli. Ukiruka saa 300 na zaidi, mizigo, porini, au unaenda ambako avgas hamna, nunua tabaini na weka akiba ya injini kila saa bila kukosa.

Kabla hujalipa, kwenye pistoni dai kipimo cha kompresheni cha kila silinda, yaani inavyoshikilia presha, inasomwa kati ya 80, silinda inayosoma 72 kati ya 80 iko vizuri na inayosoma 55 uulize kwanini, halafu chujio la oili likatwe mbele yako muangalie vipande vya chuma. Kwenye tabaini dai rekodi za mwenendo wa injini, toki na joto na mafuta kwa miezi mingi, maana injini inayochoka inaonekana hapo, joto linapanda kidogo kidogo kwa nguvu ile ile. Dai pia kamera iingizwe ndani iangalie bapa, na kumbukumbu za kuwasha kwa joto kupita kiasi. Muuzaji akisema kamera si lazima, rudi nyumbani na hela yako.